Kiazi cha Mwaka Ujao

Mwanzoni mwa karne hii, katika msururu wa malori, mikokoteni na baiskeli unaovuka kutoka Tunduma kwenda Nakonde, yalikuwamo magunia yaliyomchanganya mgeni. Kwa nje yalionekana ya viazi mbatata. Ukilifungua moja, ulikuta viazi vidogo vya kahawia, vingine mviringo kama yai la njiwa, vingine vimegawanyika kama vidole vya mtoto, na udongo wa milimani ungali umeng'ang'ania maganda yake. Hakuna aliyevipanda. Vilichimbwa kimoja kimoja kwenye majani ya nyanda za juu, na kila kimoja kilikuwa uhai wa ua moja la porini. Ng'ambo ya mpaka vinajulikana kwa jina la chikanda.

Historia ya uhifadhi katika nchi yetu imezoea kuanza na tembo, faru na simba. Hii inaanza na gunia. Inasimulia jinsi mmea usio na pembe, usio na ngozi ya thamani wala sauti ya kupiga kelele ulivyochimbwa kwa mamilioni. Inasimulia pia habari za watu walioamua kuuhesabu, na za wanakijiji wasio na mshahara ambao hadi leo ndio ulinzi wake wa kwanza. Sehemu kubwa ya njia ya gunia hilo inapita katika mkoa tunaouita sasa Songwe.

Njia

Tunduma ni mji uliozaliwa na mstari. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zilipokubaliana kugawana nchi zisizo zao, mpaka ulichorwa kutoka Ziwa Nyasa hadi Ziwa Tanganyika, ukawapitia Wanyamwanga katikati. Wengine wakajikuta chini ya Wajerumani, wengine chini ya Waingereza katika nchi iliyokuja kuitwa Rhodesia ya Kaskazini, na leo Zambia. Undugu haukukatika. Shangazi yuko Nakonde, mpwa yuko Tunduma, na msiba wa upande mmoja hujaza uwanja kwa watu wa upande wa pili. Kilichokuwa kinaliwa huku kilijulikana kule.

Kwa muda mrefu mzigo wa mpakani ulikuwa wa kichwani na wa baiskeli. Mambo yalibadilika baada ya mwaka 1965, walowezi wa Rhodesia ya Kusini walipojitangazia utawala wao na Zambia ikajikuta imezibiwa njia ya baharini. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968. Barabara kuu ya kwenda Zambia ikajengwa upya. Kisha ikaja reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976. Treni ikapita Mlowo, ikapita Vwawa, ikafika Tunduma. Njia hizo zilijengwa ili kuikwamua Zambia, na kazi hiyo zikaifanya. Lakini njia haichagui mzigo. Ile iliyopitisha shaba na mafuta iliweza pia kupitisha viazi vya porini.

Chikanda chenyewe ni chakula cha heshima kaskazini mwa Zambia, hasa kwa Wabemba na majirani zao. Viazi hukaushwa, hutwangwa na kuchekechwa. Unga wake huchanganywa na karanga zilizotwangwa, chumvi, pilipili na magadi, kisha hupikwa polepole hadi ushikamane na kuwa kama mkate mzito. Hukatwa vipande na kuliwa. Mlaji asiyeambiwa huapa kuwa ndani yake mna nyama. Kwa vizazi vingi mwanamke alikwenda mbugani, akachimba vya kutosha sufuria moja, akarudi nyumbani, na mbuga ikabaki na maua yake.

Kisha chakula hicho kikahamia mjini. Watu wa kaskazini waliokwenda kutafuta kazi Lusaka na kwenye migodi ya shaba walikwenda na hamu yake, na majirani zao wapya wakajifunza kukipenda. Kikauzwa sokoni, stendi za mabasi na kwenye maofisi. Sufuria moja ikawa maelfu ya sufuria. Mbuga za Zambia zilipoanza kukauka maua, wanunuzi walitazama ng'ambo ya mpaka. Kule Mbozi na Ileje, kupanda milima ya Uporoto hadi uwanda wa Kitulo, kulikuwa na nchi nzima ambayo ilikuwa haijaguswa sana. Na njia yake ya kutokea ilikuwa Tunduma.

Viazi viwili

Ili kuelewa uzito wa gunia lile, sharti uujue mmea wenyewe. Chikanda hutokana na okidi zinazoota ardhini. Jamii ya okidi ni kubwa mno duniani, na vanila inayolimwa Kagera imo humo. Okidi za milima yetu hulala chini ya udongo wakati wote wa kiangazi. Mvua za Novemba zikianza huchipua, na kati ya Desemba na Aprili huchanua: nyeupe, njano, waridi, zambarau, na nyekundu ya moto. Kisha shina hunyauka, na anayepita Agosti huona majani makavu tu na kudhani hapana kitu.

Chini ya shina kuna viazi viwili. Kimoja ni cha zamani. Ndicho kilichouchipusha mmea mwaka huu, na kadiri ua linavyokua chenyewe hunywea na kusinyaa. Kingine ni kipya, kigumu, kimejaa, kinaweka akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji huvitazama viwili hivyo na kuchukua kile kilichonona, kwa sababu ndicho chenye unga. Kilichosinyaa hutupwa. Kwa hiyo anachotia kwenye gunia ni chipukizi la msimu unaofuata.

Je, mmea hauwezi kurudi kwa mbegu? Unaweza, lakini kwa taabu. Mbegu za okidi ni vumbi. Tumba moja hubeba maelfu, na upepo huzichukua mbali, ila kila mbegu hutoka bila chakula ndani yake. Haipati kuota mpaka ikutane na kuvu fulani aliyemo udongoni ambaye huilisha. Tangu hapo hupita miaka kabla ya ua la kwanza. Huwezi kukata kipande ukakifukia kama pingili ya mhogo. Mbuga iliyochimbwa na kugeuzwa udongo wake, ikachomwa moto na kulimwa, humpoteza pamoja na okidi yule kuvu aliyeilea.

Wenzetu wa mbali walikwisha kupita njia hiyo. Uturuki wana kinywaji na aiskrimu vinavyotengenezwa kwa unga wa viazi vya okidi, wauitao salep, na ulaji huo ulizimaliza okidi katika maeneo mengi hata serikali ikapiga marufuku kuuza unga huo nje ya nchi. Kilichotokea Uturuki kilikuwa kinajirudia katika milima yetu, kwa jina jingine.

Waliohesabu

Kitu kisichohesabiwa hupotea bila kuacha pengo. Ndiyo maana katika historia hii wahesabuji wana nafasi yao, na wa kwanza wao aliishi karibu miaka mia moja kabla ya magunia.

Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia aliishi Kyimbila, jirani na Tukuyu, mtu aitwaye Adolf Stolz, mfanyabiashara wa misheni ya Moravian. Kazi yake ilikuwa biashara. Mimea ilikuwa mapenzi yake. Alipanda na kushuka milima ya Rungwe akikusanya majani na maua, akayakausha, akayaandikia mahali na tarehe na kuyatuma Ulaya. Mjini Berlin mtaalamu wa okidi Rudolf Schlechter alizichambua okidi zilizokuwamo, akakuta nyingine ni ngeni kabisa kwa sayansi, na mwaka 1915 akaanzisha jenasi ya okidi ndogo aliyoiita Stolzia, kwa heshima ya mkusanyaji. Mwaka 1943, katika vita vingine, mabomu yaliiteketeza nyumba ya mimea mikavu ya Berlin, na makusanyo ya okidi ya Schlechter yakaungua. Baadhi ya nakala zilinusurika kwa kuwa zilikwisha kupelekwa miji mingine. Tangu hapo, kumbukumbu nyingine za milima yetu zikabaki mahali pamoja tu, napo ni mbuga zenyewe zinamoota okidi.

Uwanda wa Kitulo, wenye urefu wa mita kama 2,600 kutoka usawa wa bahari, wenyeji waliuita Bustani ya Mungu. Wazungu waliuandika kwenye ramani kwa jina la Elton, balozi mdogo wa Uingereza aliyepita nchi hizo mwaka 1877 na kufa mwishoni mwa mwaka huohuo akiwa Ugogo. Baadaye sehemu ya uwanda ikawa shamba la mifugo, na hadi leo ng'ombe wa maziwa wa Kitulo wana sifa yao. Lakini pembeni ya malisho, kila masika, bustani ile iliendelea kuchanua bila ulinzi wowote.

Mwaka 2000 hivi, shirika la Wildlife Conservation Society lilianza mradi wa uhifadhi wa Nyanda za Juu Kusini, ukiongozwa na Tim Davenport. Katika kutembea vijijini wakakutana na magunia. Davenport na Henry Ndangalasi, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakaifuatilia biashara hiyo kutoka milimani inakochimbwa hadi mpakani inakovukia, na mwaka 2003 wakachapisha walichokiona. Makisio yao yalishtua: kati ya viazi milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vinatoka Tanzania kwenda Zambia kila mwaka, na spishi zipatazo 85 za okidi zilikuwa hatarini. Kila kiazi ni mmea mmoja. Hapajawa na jangili wa tembo aliyeua wanyama milioni nne kwa mwaka, lakini mbele ya macho yetu, kwenye barabara ya lami, kwenye mji wenye forodha na polisi, okidi milioni nne zilikuwa zinapita.

Haikuwa kwamba watu walificha sana. Njia za panya zipo Tunduma, na kila mkazi anazijua, ila gunia la viazi halikuhitaji njia ya panya. Nani angelisimamisha? Okidi zote zimeorodheshwa katika mkataba wa kimataifa wa CITES, na kuzivusha mpaka kunahitaji kibali. Lakini kiazi kilichochimbwa hakina ua. Afisa aliyekitazama aliona chakula, na mchuuzi naye alisema ukweli aliposema ni chakula.

Wanakijiji waliwafundisha watafiti hao jambo jingine pia. Katika mazungumzo na Wanyakyusa wa Rungwe walisikia habari za nyani mwenye haya aishiye juu ya miti, wenyewe wakimwita kipunji. Mwaka 2003 watafiti walimwona kwa macho yao, mwaka 2005 akatangazwa kuwa spishi mpya, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Mpya kwa nani? Wawindaji walimjua. Wazee walimpa jina. Maarifa ya uhifadhi wa milima hii yalikuwapo vijijini muda wote, yakisubiri mtu wa kuuliza.

Hifadhi ya maua

Mwaka 2002 Rais Benjamin Mkapa alitangaza nia ya serikali ya kuifanya Kitulo hifadhi ya taifa. Mwaka 2005 ikawa kisheria, kilomita za mraba 412.9, ikiunganisha uwanda wa maua na msitu wa Livingstone. Ilikuwa hifadhi ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Uwanda wake una aina zipatazo 350 za mimea yenye mishipa, na kati ya hizo 45 ni okidi za ardhini. Nchi iliyozoea kuwaonyesha wageni simba ilikuwa imeamua kulinda ua.

Uamuzi huo ulistahili fahari. Hata hivyo ramani ya hifadhi haikulifikia kila bonde la okidi. Kitulo iko Njombe na Mbeya. Milima ya Ileje, mbuga za Mbozi na vilima vilivyo karibu kabisa na mpaka vilibaki nje ya mstari, na ulinzi unapokazwa mahali pamoja biashara huhamia pasipo ulinzi. Mwaka 2016 mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya, ukiwa na wilaya za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe pamoja na mji wa Tunduma, ulirithi kahawa ya Mbozi, ulirithi kimondo cha Mbozi, ulirithi ufukwe wa Ziwa Rukwa, na ulirithi pia lango la chikanda.

Biashara haikuisha kwa tangazo. Katika miaka ya 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walisoma vinasaba vya viazi na vya chikanda kilichokwisha kupikwa, wakakuta ndani yake aina nyingi za okidi, nyingine zisizotarajiwa kabisa. Maana yake ni nzito. Zile zilizopendwa zaidi zinapoadimika, mchimbaji huchukua zozote anazozipata. Tarehe 5 Oktoba 2019 marais John Magufuli na Edgar Lungu walizindua kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, na malori yakaanza kukaguliwa mara moja badala ya mara mbili. Ni jambo jema kwa biashara. Kwa okidi, limewafanya maafisa wa nchi mbili wakae chini ya paa moja, na hiyo ni nafasi ya kutumiwa.

Kaskazini mwa mkoa, kuelekea mapori ya akiba ya Lukwati na Piti, tembo ana askari mwenye sare, bunduki na gari. Kiazi hakina askari. Kilicho nacho ni majirani.

Kujitolea

Neno letu la kujitolea lina kina. Mtu anajitoa, tena anajitoa kwa ajili ya jambo. Miaka ya mwanzo ya Uhuru neno hilo lilijenga madarasa, zahanati na barabara. Watu walibeba mawe Jumamosi, na uongozi ukasema ndivyo taifa linavyojengwa. Ni kweli kwamba kuna nyakati neno lilibeba amri ndani yake, na aliyechelewa kwenye msaragambo alitozwa kuku. Lakini mazoea ya kuona kazi ya wote kuwa kazi yangu yalibaki, na uhifadhi uliyakuta.

Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa Azimio la Arusha la wanyamapori, akatamka kwamba viumbe wa porini na makazi yao ni sehemu ya utajiri na ya maisha ya baadaye ya watu wa Tanganyika. Azimio hilo lilisomwa mbele ya wageni waliokuja kwenye mkutano wa uhifadhi. Kulitimiza kulihitaji watu wasiokuwamo ukumbini. Mwaka 1980 zikaanza klabu za Malihai, zikaingia mashuleni, na watoto wakapanda miti na kujifunza majina ya ndege. Mwaka 1991, jijini Dar es Salaam, Jane Goodall alikaa na kikundi kidogo cha wanafunzi wa sekondari, na mazungumzo yao yakazaa Roots & Shoots, ambayo leo imeenea duniani. Upande wa pili wa mpaka wetu wa kaskazini, Wangari Maathai alikuwa ameanza tangu 1977 na wanawake wa vijijini wenye miche mikononi, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Wala si Afrika Mashariki peke yake. Kimbilio la kwanza la wanyamapori la serikali ya Marekani, kisiwa cha Pelican huko Florida, lilitangazwa na Rais Theodore Roosevelt mwaka 1903. Kabla ya tangazo hilo, mhamiaji wa Kijerumani aitwaye Paul Kroegel, aliyeishi ng'ambo ya maji, alikuwa akienda na mashua yake kusimama kati ya ndege na wawindaji wa manyoya. Alipoteuliwa rasmi kuwa mlinzi, malipo yake yalikuwa dola moja kwa mwezi. Sheria ilimkuta kazini.

Ndivyo ilivyo kwetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliwapa wanakijiji mamlaka juu ya ardhi yao. Sheria ya Misitu ya 2002 ikawaruhusu kutenga misitu ya kijiji na kuisimamia. Sheria ya Mazingira ya 2004 ikataka kamati za mazingira hadi ngazi ya kijiji, na ikakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji. Ukizisoma sheria hizo kwa makini utagundua kwamba zote zimeegemea bega moja: mjumbe wa kamati, mkulima wa kahawa au mahindi, ambaye hakuajiriwa. Anahudhuria kikao, anazunguka msitu, anapanda miti kwenye chemchemi, anazima moto wa Septemba, anakwenda kutoa ushahidi barazani, na jioni anarudi kupalilia shamba lake.

Kazi hiyo ni ngumu kuliko ya askari, kwa sababu mjumbe hamkuti mgeni. Anamkuta mtoto wa jirani akiwa na jembe na kiroba. Anamkuta mama anayetafuta ada ya mwanawe. Akimwachia, mbuga inaisha. Akimkamata, kesho watakutana kisimani, na keshokutwa watakaa pamoja msibani. Hakuna kitabu cha mafunzo kinachoweza kubeba uzito huo badala yake. Anachoweza kufanya ndicho wafanyacho wajumbe wenye hekima. Humkalisha chini aliyechimba, humweleza juu ya viazi viwili, humpeleka kwenye kikao kabla ya polisi, na kama kuna kikundi cha mizinga ya nyuki au kitalu cha miche, humtafutia nafasi.

Mchimbaji hastahili kuitwa adui. Kwa gunia zima alipata sehemu ndogo ya kile ambacho mji wa mbali ulilipa kwa vipande. Aliyechuma zaidi alikuwa mwenye gari na mwenye meza ya soko, na wote walikuwa wanaitikia njaa ya mlaji asiyejua chakula chake kilitoka kwenye ua. Uhifadhi unaomwona mchimbaji peke yake umeona mkono, haujaona mwili. Kwa hiyo kazi ya kujitolea ya mkoa wa Songwe haiishii mlimani. Mwalimu wa Tunduma anayewaonyesha wanafunzi picha ya ua na kiazi chake amefika mahali ambapo doria haifiki. Dereva anayekataa gunia asilolijua amelinda mbuga. Mama wa Nakonde anayepika chikanda mara moja kwa mwaka, kwa sherehe, kama bibi yake alivyopika, naye ni mhifadhi.

Deni

Kujitolea kuna mipaka yake, na heshima inatutaka tuitaje. Mjumbe anayezunguka msitu kwa ndala anahitaji buti. Anahitaji koti la mvua, filimbi, daftari, na maji ya kunywa. Akiumia doriani anahitaji matibabu. Anahitaji kuona kwamba kesi aliyoipeleka imesikilizwa, na faini iliyotozwa imerudi kijijini kununua miche. Mtu akijitolea, aliyepokea hujikuta na deni. Halmashauri, mashirika na sisi tunaokunywa maji yanayoshuka kutoka milima hiyo tunadaiwa na watu ambao hawajawahi kutuma ankara.

Maana milima hiyo haitupi maua tu. Mito miwili yenye jina moja, Songwe, huanzia huku: mmoja ukishuka kwenda Ziwa Rukwa, mwingine ukichora mpaka wetu na Malawi hadi Ziwa Nyasa. Mbuga ambayo haijachimbwa hunyonya mvua na kuiachia polepole. Iliyogeuzwa juu chini huachia yote siku moja, pamoja na udongo. Mkulima wa mpunga wa Kamsamba, bondeni karibu na Rukwa, huenda hajawahi kuiona okidi maishani mwake, lakini maji ya shamba lake yanategemea nchi za juu zilizobaki salama.

Historia hii haijafika mwisho. Magunia bado yanaweza kupita, na mbuga nyingine zilizochimbwa hazijapona. Lakini jambo moja limebadilika tangu mwanzo wa karne: sasa tunajua kilichomo ndani ya gunia. Hatuwezi tena kusema tulidhani ni viazi.

Novemba, mvua ya kwanza ikilowesha vilima vya Ileje, chini ya majani makavu kiazi kilichobakizwa mwaka jana huanza kutoa chipukizi jeupe. Halitaonekana mpaka Januari. Wakati huo mjumbe wa kamati atakuwa shambani kwake akipanda mahindi, na hakuna atakayemwambia asante kwa kitu ambacho hakikutokea, gunia ambalo halikujaa. Atapita njia ile masika akienda kikaoni, ataona ua, na pembeni ya kiazi kinachosinyaa patakuwa na kingine kinachojaa.